Hadithi Inayongoja Kuku Waingie

Mwaka wa 1956, darasa la mwisho la fasihi ya Kifaransa katika shule ya Masera, watawa wa Kibelgiji, juu ya vilima vya Masisi huko Kongo, lilikuwa limebaki na wasichana tisa. Walianza ishirini na wawili. Wengine waliolewa, wengine waliitwa nyumbani kulima, mmoja alichoka tu na mashairi. Athanasie, aliyetoka mbali kuliko wote, msituni Walikale upande wa Hombo, alibaki, na wenzake hawakuelewa amewezaje, maana alikuwa na sauti ndogo kama ya mtu anayeomba radhi mlangoni.

Sababu aliijua yeye na mama yake. Kijijini kwao kulikuwa na shule ya wavulana peke yake. Padri alikuwa ameahidi kwamba siku Athanasie atakaporudi na cheti cha ualimu, wasichana nao watafunguliwa darasa. Mama yake alikwisha kuchagua mahali pa kulijenga, na alikuwa amekata miti miwili ya nguzo kwa mikono yake mwenyewe.

Fasihi ilifundishwa na Masera Godelieve, Mbelgiji mrefu mwenye miwani, ambaye kwa miaka minne aliwasomesha mashairi ya theluji na majani yanayopukutika. Mwanzoni mwa muhula wa mwisho aliingia darasani akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

“Nimewalisha hadithi za kwetu,” alisema. “Kwenye mtihani, ninyi mtanilisha za kwenu. Kila mmoja atasimama mbele ya Bwana Inspekta, saa nne asubuhi, na kusimulia kwa Kifaransa hadithi aliyoisikia nyumbani.”

Wasichana walipiga makofi. Athanasie hakupiga.

Hadithi zote alizozijua alizipata kwa bibi yake, na bibi alimpa pamoja na sharti. Hadithi haifunguliwi jua likitazama. Inangoja kuku waingie. Anayeifungua mchana, mama yake ndiye anayekufa. Sasa bibi mwenyewe alikuwa kaburini, na hakuna mwingine wa kuombwa ruhusa.

Alimweleza Adelaïde, rafiki yake wa Muheto, siku walipokuwa wakichambua maharagi nyuma ya jiko.

“Kwetu banasema ukifungua mchana unageuka mujusi,” alisema Adelaïde. “Miye nilishafungua tatu, mbele ya mbuzi. Angalia nyuma yangu. Mukia iko wapi?”

“Kwenu unageuka weye mwenyewe. Kwetu anakufa mama. Haiko kitu moja.”

“Basi tunga ingine ya uongo. Inspekta atajua nini?”

“Nitajua miye.”

“Weye na kujua kwako. Padri alishakubatiza, na ungali unaogopa jua.”

“Sijui kama ninaogopa,” Athanasie alisema. “Lakini mama niko naye mumoja tu.”

Adelaïde akaokota ganda la haragi, akalitupa, wala hakutania tena siku ile.

Wiki zilipita. Mara tatu Athanasie alifika mpaka mlango wa chumba cha walimu, na mara tatu alirudi. Siku ya mtihani ikafika. Inspekta alikuwa amepanda kwa gari kutoka Goma kupitia Mubambiro, naye alitaka kushuka kabla mvua haijaharibu barabara. Adelaïde alisimulia juu ya sungura na fisi kwa mikono yote miwili, mpaka inspekta akatabasamu. Kisha likaitwa jina la Athanasie.

Alisimama. Akaitazama saa ya inspekta mezani.

“Bwana,” alisema mwishowe kwa Kifaransa, “hadithi ya kwetu haisimuliwi mchana. Lakini naweza kueleza inavyosimuliwa.”

Na kabla hajakatazwa, akaeleza. Nani anakaa karibu na moto na nani mlangoni. Kwa nini lazima watu waitike, maana hadithi isiyoitikiwa inapotea njia. Bibi alikatiza wapi hadithi ili kujaza kiko chake: palepale chui anapofika kwenye mtego, watoto wapate kumsihi aendelee. Sauti yake haikutetemeka. Masera Godelieve, aliyeegemea ukuta, alisikia masomo yake ya miaka minne yakimrudia yakiwa na harufu ya kuni.

“Vizuri,” alisema inspekta. “Na hadithi yenyewe?”

“Ukibaki mpaka kuku waingie, Bwana, nitakusimulia.”

Wasichana waliinamisha vichwa ili wasicheke. Inspekta akatazama mawingu dirishani.

“Siwezi kubaki. Masera, pointi zake naziacha wazi, utaziandika wewe. Orodha iondoke na kamioni ya mizigo kesho asubuhi. Ikifika bila pointi, hana cheti.”

Gari lilipoondoka, Masera alimwita Athanasie barazani.

“Kwa nini hukuniambia? Ulikuwa na muhula mzima.”

“Ulikuwa umefurahi, Masera.”

Masera akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

“Kuku wanaingia saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili, Masera.”

“Hiyo ni saa ya sala yangu.”

“Ndiyo, Masera.”



Jioni wasichana walikusanyika jikoni kuuzunguka moto. Kuku walikuwa wameingia wote isipokuwa jogoo mmoja aliyeng’ang’ania juu ya ua. Adelaïde alimrushia gunzi la muhindi.

“Ingia, shetani. Cheti ya muntu inakungojea.”

Jogoo akaruka ndani. Nyuma yake akaja Masera Godelieve, orodha kwapani, akaketi juu ya kikapu kilichofudikizwa. Moshi ulimtoa machozi.

“Hadithi inatoka,” alisema Athanasie kwa Kiswahili.

“Itoke, tuishike,” waliitika wasichana.

Akaendelea kwa Kifaransa. Chui alipofika kwenye mtego, Athanasie aliikatiza hadithi, akainama, akaanza kusukuma kuni taratibu. Masera alingoja. Akatazama huku na huku, akaona macho yote yako kwake.

“Tuishike,” akasema.

Basi hadithi ikaendelea mpaka mwisho, na kwa mwanga wa moto Masera akaandika nane juu ya kumi.

Juma lililofuata Athanasie alishuka kwenye kamioni Hombo, akatembea hadi kwao. Mama yake alikuwa akimenya muhogo uani. Nyuma yake, ukutani, miti ya nguzo ilikuwa imefika sita.

“Walikufungulisha hadithi?” mama aliuliza baada ya salamu, maana katikati ya muhula Athanasie alimweleza habari ya mtihani kwa barua.

“Nilifungua jioni, Mama.”

“Kwa Kifaransa?”

“Kwa Kifaransa.”

“Na ule Masera aliitika?”

“Alichelewa kidogo,” alisema Athanasie. “Lakini aliitika.”

Mama akaweka kisu chini ili acheke vizuri.