Rubani Wetu na Doriani ya Bibi

Juzi nilisimama katika duka kubwa la mtaa wa Hail mbele ya doriani, tunda la kwetu Unguja, iliyokwisha kumenywa, imelazwa kwenye kisahani na kufungwa plastiki kama kitu cha hospitali. Binti yangu akanivuta mkono. "Mama, twende. Kuna kitu kimekufa humu." Nilitaka kumweleza, nikashindwa. Mimi niliyesoma chuo kikuu, ninayeandika kila wiki juu ya mambo nisiyoyajua, nikatoka dukani na maziwa na mkate, uso umenishuka. Basi nikueleze wewe, rafiki yangu.

Utotoni mwangu tulikaa Sib, katika nyumba za serikali, karibu na kiwanja cha ndege kiasi kwamba ndege ikishuka, sahani zilicheza kabatini. Majirani wengi walikuwa watu wa Unguja kama sisi, waliokuwa "wamerudi" katika nchi ya Kiarabu ya mababu zao, ambayo nusu yao hawakuwa wamewahi kuiona. Alfajiri nilisikia nazi ikikunwa nyumba hii na redio ya Kiarabu nyumba ile. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mchele kabla ya kwenda skuli, na kila ndege ilipopita niliinua kichwa, mawe yakabaki, na baba akayatafuna mchana.

Zama hizo ndege zilikuwa chache na marubani walikuwa wageni watupu. Kisha mtoto wa jirani yetu akarudi kutoka masomoni ng'ambo, akavaa shati jeupe lenye mistari mabegani, akawa mtu wa kwanza katika sisi kukaa mbele kwenye ndege ya abiria. Kwa kweli alikuwa rubani msaidizi, na ukapteni alikuwa akiungojea. Lakini mtaani petu hilo halikusemwa. Kwetu sisi ndege aliiendesha yeye, na yule Mzungu pembeni yake aliwekwa wa kumtilia chai.

Picha yake iliyotoka gazetini bibi aliibandika jikoni, juu ya pipa la mchele. Shangazi, mwenye mabinti wa kuozwa, kila Ijumaa alimpelekea mama yake rubani sinia la vitumbua. "Kavipika mwanangu kwa mkono wake," akisema. Mama yake rubani alionja, akajibu, "Mkono mzuri. Mwaka jana kaka'ke rubani alipotaka kuoa kwako, mbona mkono huu ulikuwa na homa?"

Na siku ya zamu yake, mama yake alitoka mlangoni akatutangazia saa ya kufika. Tukapanda juu ya paa, wanawake na watoto, na kanga mikononi. Ndege ikija chini chini kuelekea kiwanjani, tulizipunga kanga na kupiga vigelegele, navyo vikamezwa na ngurumo. Yeye aliwashawasha taa. Wallahi, taa zile niliziona zinanitazama mimi.

Sasa, watu wetu wana ada moja: msafiri hasafiri peke yake, husafiri na mizigo ya mtaa. Mwenye gari huagizwa, mwenye kwenda haji huagizwa, itakuwa rubani? Akienda Dar es Salaam alibebeshwa halua, tende na kofia za kushonwa. Akirudi alileta ubuyu, samli, dawa za mizizi za kutuliza tumbo la mzee fulani. Hakuwahi kusema hapana. Bibi alikuwa na msemo wake: "Aliye juu mngoje chini, na ukimngoja, mwagize."

Msimu mmoja bibi akamwita uani kwetu. "Mwanangu, nnakuomba kitu kimoja. Nnataka doriani kabla sijafa."

Rubani akacheka. "Bibi, doriani! Ndani ya ndege?"

"Kwani ndege haina dirisha?"

"Halifunguki, bibi."

"Basi ifunge vizuri. Wewe unapita kule kama mtu anayepita sokoni."

Akainama, akambusu mkono. Akaenda.

Ndugu zetu wa Unguja wakavusha doriani moja mpaka Dar, imefungwa magazeti, imetiwa pakachani. Yeye akaiweka katika kabati nyuma ya viti vya marubani. Yaliyofuata tuliyajua baadaye. Ndege ilipokwisha kupaa, harufu ikatoka kabatini. Abiria wakajifunika pua. Mama mmoja akalia kwamba gesi inavuja. Kapteni, ambaye hakuwahi kuinusa doriani maishani mwake, aliamini kuna kitu kinaungua, na nusura aigeuze ndege. Ndipo rubani wetu akamwambia, ni mzigo wangu.

Hayo hakutuambia. Alikuja moja kwa moja kwetu na shati lake jeupe, akampa bibi pakacha kwa mikono miwili. "Amana yako, bibi." Tukamkaribisha aketi ale. Akasema amechoka, akaenda zake kulala.

Tuliipasua uani. Mtaa mzima ulikuja bila kuitwa. Bibi alikula amefumba macho, machozi yakamtoka, na shangazi akasema, "Polepole, usije ukafa kweli." Mama yake rubani alikula pamoja nasi. Mimi nilikomba kokwa mpaka zikang'aa.

Siku chache baadaye mama yake rubani alisimama mlangoni petu bila salamu ndefu. "Mwanangu kasimamishwa kazi," akasema. "Na ukapteni ndio basi tena." Hakumtazama bibi. Uani harufu ilikuwa bado haijaisha. Watoto wa mtaa wa pili walikwisha kumpa jina, Kapteni Doriani, wakaliimba akipita kwenda msikitini.

Baada ya miezi alirudishwa angani, palepale pembeni, na ukapteni hakuupata mpaka alipostaafu. Mama yake alitutangazia tena saa ya kufika, kwa sauti ndogo. Nikakimbilia kanga. Bibi akaniziba njia penye ngazi. "Huendi. Tutamtazama kwa uso gani?" Nyumba zote zikafanya vivyo hivyo, maana zote zilikuwa zimekula. Tukakaa ndani na milango imefungwa, tukaisikiliza ndege ikipita juu yetu, sahani zikacheza kabatini, hakuna aliyenyanyua macho. Na hakuna aliyemwagiza kitu tena.

Mtaa ule haupo tena. Nyumba zimevunjwa, waliokuwa na uwezo wamehamia Qurum, wanapanda ndege kama wanavyopanda lifti. Sib ndege zinapita usiku na mchana, na hakuna mama anayejua ndani yake kuna mtoto wa nani.

Bibi alipofariki, rubani alikuja kwenye khitma. Mvi zimemjaa, ameshastaafu. Nilimpelekea kahawa, akanivuta kando.

"Nilikuwa nikitaka kukuuliza. Mbona mliacha kupanda juu? Kutoka kule sura huzioni, unaona zile rangi za kanga tu. Siku niliyorudi kazini nilizitafuta. Nikasema, basi, nimewaaibisha. Tangu hapo nikifika juu ya Sib natazama vyombo vyangu tu, kama mtu anayepita mlangoni kwa mke aliyempa talaka."

"La, ami," nikasema. "Bibi alikataza. Alisema hatuna uso wa kukutazama. Sisi ndio tulioona aibu."

Akakizungusha kikombe kitupu vidoleni. Kutoka ndani zilikuja sauti za wanaosoma.

"Miaka yote hiyo," akasema. Kisha, taratibu, kama anayeulizia habari za mgonjwa: "Ilikuwa tamu, lakini?"

Nikamtazama kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu.

"Tamu sana, ami," nikasema, na uso ukaniwaka.