Aliyegonga Bodi Kule Matwebe

Ni saa tatu asubuhi Kawetele, na magari bado yanawasha taa. Ukungu umeshuka kutoka mlimani, ukafunika migomba na njia, na sasa unawafunika hata watu wanaopakia kokoto. Mabeleshi yanasikika yakikwaruza mawe, wanaoyashika hawaonekani.

Andongwisye Mwalwisi, mwenye umri wa miaka 52, analizunguka roli lake kuukuu aina ya Bedford. Anapapasa kwa vidole pini zinazofunga bodi, zile kuta za mbao zinazozuia mzigo, moja baada ya nyingine, kisha anarudia. Kokoto zinaishia kiganja kimoja chini ya ukingo. Zikizidi hapo, anaamuru zipunguzwe. Juu ya mzigo hapandi mtu.

"Hili si tipa," anasema. "Unafungua bodi ya pembeni, mnashusha kwa mabeleshi. Kwa hiyo lazima lisimame mahali tambarare. Likiinama kidogo tu, kokoto hazimsubiri mtu."

Maneno hayo ya mwisho anayasema akiangalia chini.

Kwa miaka 17 Andongwisye alikuwa dereva wa shirika la umma. Mwaka 1992 wafanyakazi walipopunguzwa, alichukua kiinua mgongo chake na kununua roli lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana, nyasi zimeota hadi ndani ya kabini. Alilifufua kwa miezi mitano.

Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Mjini Tukuyu, hasa Ibighi, kila mwenye kiwanja alitaka duka, na kila aliyejenga alitaka kokoto siku hiyohiyo.

"Zamani ulikuwa unasubiri kibali. Sasa unasubiriwa wewe," anakumbuka. "Basi tukawa tunakimbia."

Mkuu wa wapakiaji wake aliitwa Lazaro, kijana wa miaka 29 kutoka Matwebe. Gari liliporudi nyuma, Lazaro alisimama kando ya bodi na kumwongoza dereva. Akigonga bodi mara mbili, maana yake ni simama.

Machi 1994, mvua ikinyesha, Andongwisye aliegesha kwenye mteremko ili asizunguke njia ndefu ya kufika tambarare. Lazaro akachomoa pini. Bodi ikafunguka kwa kishindo, na mzigo wote wa upande ule ukamwangukia.

"Tulimfukua kwa mikono," anasema dereva huyo. "Beleshi tuliliogopa, lisije likamkata. Tulipomfikia, alikuwa ameshaondoka."

Alikwenda mwenyewe Matwebe kumwambia Felista, mama wa marehemu, kwamba kosa la kuegesha lilikuwa lake. Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha aketi.

Miezi minne baadaye, alfajiri, Andongwisye alimkuta mwanamke amesimama kando ya roli. Alikuwa Tusekile, dada wa Lazaro.

"Akaniamkia kwa kilugha, 'Ugonile, tata,' yaani umelalaje, baba. Nikajua amekuja kunilaani. Kumbe anataka kazi ya kaka yake."

Tusekile, mwenye umri wa miaka 34 sasa, hafichi sababu. "Lazaro ndiye alikuwa anamlisha mama. Halafu nilitaka mtu wa kwetu awepo pale, amwangalie huyu mzee anavyoegesha."

Kilichotokea Mei mwaka jana, wote wawili wanakisimulia kwa namna moja, ingawa niliwauliza kila mmoja peke yake.

Walikuwa wanapeleka kokoto za msingi wa darasa Matwebe. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu mzito kama huu. Uwanja wa shule unaishia kwenye korongo. Tusekile alishuka kwanza kwenda kukagua ukingo, na wapakiaji wengine wawili walibaki getini. Andongwisye alipaswa kumsubiri amwite. Akasikia sauti, akadhani ni yake, akaanza kurudi nyuma.

"Sikumwita," anasema Tusekile. "Nilikuwa nimepotea njia kwenye ukungu, niko mbele ya gari. Nikasikia injini inakwenda. Nikapiga kelele. Hakunisikia."

Kisha bodi ya nyuma ikagongwa. Mara mbili.

Andongwisye akakanyaga breki. Akazima injini, akashuka, akasukuma gogo chini ya gurudumu.

"Umefanya vizuri, mama," alisema akielekea nyuma. Hakujibiwa. Tusekile akatokea nyuma yake, upande wa mbele wa gari, anahema.

"Nani amegonga?" Andongwisye alimuuliza.

"Nami nimesikia," Tusekile akajibu. "Nilidhani ni wale wawili."

Wale wawili walikuwa bado getini.

Walikwenda nyuma pamoja wameshikana mikono. Magurudumu yalikuwa yamesimama hatua moja kutoka mahali ardhi ilipokuwa imemeguka usiku kwa mvua. Chini kulisikika maji tu. Kati ya gari na ukingo palikuwa na matope laini kama uji uliopoa. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Fundi mmoja wa Tukuyu alimwambia kuwa bodi iliyolegea huweza kujigonga yenyewe. Andongwisye hakubishana naye. Alilitikisa gari siku nzima, likiwa na mzigo na bila mzigo. Bodi haikutoa mlio ule.

"Mimi ni mtu wa kanisani," anasema. "Siwezi kukwambia ni nani. Nasema nilichosikia."

Jioni ile walikwenda kwa Mama Felista, wakamweleza. Aliwauliza jambo moja tu: "Aligonga kwa nguvu, au polepole?"

"Polepole," alijibu Andongwisye.

"Basi hana hasira," akasema mama yule, akainuka kuwatengea chakula. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dereva huyo kula katika nyumba ile, na anasema alikula huku akilia.

Tangu hapo haendi zaidi ya safari mbili kwa siku. Wateja wenye haraka huenda kwa wengine, naye anawaacha waende.

Sasa anamfundisha Tusekile kuendesha. Kwa kuwa miguu ya Tusekile haifiki vizuri kwenye klachi, amemshonea mto wa gunia uliojazwa maganda ya kahawa, na jioni kiwanja cha mpira kikibaki kitupu humwachia usukani. Agosti mwanamke huyo atakwenda Mbeya kufanya mtihani wa leseni.

"Macho yangu yanachoka," anasema Andongwisye. "Akipata leseni, gari ataendesha yeye. Mimi nitashika beleshi."

Tusekile anacheka anaposikia hivyo. "Kwa umri wake? Atakaa kabini, pembeni yangu," anasema. "Na nikimwambia hapa hatushushi, pana mteremko, atanyamaza."