Vitunguu Nilivyokaanga Makambako

Makambako ilinukia mikate iliyopashwa moto na moshi wa malori. Niliijua harufu hiyo likizo ya Juni, nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika majira ambayo baridi ya Njombe humfanya mtu aone uvivu hata kunawa uso. Baba alinipeleka kwa dada yake, Shangazi Tulia, aliyekuwa na kibanda cha chakula karibu na njia panda, pale barabara ya kwetu inapoachana na ile ya Iringa na Mbeya. Makambako nako kuna baridi, tena yenye upepo na vumbi, lakini ndani ya kibanda mkaa uliwaka tangu alfajiri hadi jioni. Nyumbani kwetu, kata ya Ramadhani pale Njombe mjini, jiko liliwashwa kwa ajili ya kupika tu, kisha mama akamwagia makaa maji ili yatumike tena kesho. Kwangu mimi moto wa kutwa nzima ulikuwa utajiri, nikajiona nimefika mjini kweli.

Kibanda kilikuwa cha watu wawili. Shangazi alileta mikate ya duara, viazi na vitunguu. Mwenzake, Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyehamia Makambako na mumewe dereva, alileta nyama. Kila alfajiri alikwenda mwenyewe machinjioni, akasimama mpaka akaona ng'ombe amechinjwa kwa jina la Mungu, ndipo akanunua, akaisaga kwa mkono wake na kufinyanga vile vidonge bapa vya kukaanga. Sisi Walutheri wa Njombe tulikula nyama hiyo bila neno, kama inavyoliwa kote kwetu. Ila madereva Waislamu, kabla hawajavuta benchi, waliuliza kwanza, "Mama Zuhura yupo?" Wakiambiwa yupo, wananawa na kukaa. Hawakuuliza kingine. Kwa ajili hiyo nguruwe hakukanyaga kibandani, na Shangazi, aliyekulia kwenye nyama hiyo, aliacha kuipika hata nyumbani kwake ili sufuria zisije zikachanganyika.

Basi watu wa njia zote walikutana pale, na kila mmoja alikuja na baga yake kichwani. Wa Dar es Salaam walitaka mayonezi na tomato mpaka vidole viloe. Wa Tanga na Pwani walitaka kachumbari mbichi, limau na pilipili inayotoa machozi. Wa Mbeya walidai parachichi, na mpaka leo nasema, ingawa natoka mkoa unaojaza malori kwa parachichi, tunda hilo halina kazi ndani ya mkate wa moto. Wa Iringa waliongezewa yai. Watu wa kwetu, waliomsalimia Shangazi "Kamwene" wakiwa bado mlangoni, walitaka vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi vikalainika na kuwa vya kahawia, basi. Vitunguu hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa mimi. Nilivikata kwa machozi na kuvigeuza kwa fahari, maana niliamini Njombe nzima inanitegemea.

Aliyenitia uchungu ni Bwana Hamisi, dereva wa lori, mtu wa Tanga kama Mama Zuhura, mwenye ndevu nyeupe na mzaha usioisha. Kila alipopita kwenda Songea aliinua mkate, akavitazama vitunguu vyangu na kusema, "Upendo mwanangu, haya ni majani yaliyochemshwa. Nyie watu wa baridi mnakula kama wagonjwa." Benchi zima likacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nilijua vitunguu vyangu vina upungufu, na nilijua ni upungufu gani. Kwa bibi yangu, Lupembe, vitunguu vilinukia mpaka kwenye shamba la chai, na siri yake ilikuwa kopo la maziwa ya unga lililojaa mafuta meupe yaliyoganda, ambalo sisi wajukuu tuliliita mafuta ya bibi.

Ijumaa moja baba alipita na mzigo kutoka Lupembe: viazi, maharage, na kopo lile. Shangazi alikuwa sokoni, nikaupokea mimi. Kesho yake adhuhuri, Mama Zuhura alipokwenda kuswali na Shangazi akiwa anahudumia mezani, nilichota mafuta ya bibi vijiko viwili nikayatia kikaangoni. Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua. Nilijua kwamba bibi anafuga nguruwe. Nilijua kwamba Waislamu hawali nguruwe. Lakini nguruwe kwangu alikuwa nyama, kitu cha kutafuna, na haya yalikuwa mafuta ndani ya kopo. Vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana kichwani mwangu mpaka walipokwisha kula.

Bwana Hamisi alikula yote. Akaomba nyingine. Kisha akatangaza kwa sauti, "Leo Njombe imeshinda!" Mama Zuhura aliporudi akaonja kwa ncha ya kisu, akala mkate mzima akiwa amesimama, akanishika kichwa na kusema, "Mpishi huyu." Sijawahi kusifiwa vile tena. Jioni, tukifunga vyombo, Shangazi aliliona kopo. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia la mkaa, akaniuliza ni nani waliokula. Nilipomaliza kuwataja, akaniambia, "Hakuna aliyekufa. Utanyamaza, Upendo. Mama Zuhura akijua, kibanda hiki kimekwisha." Wakati ule ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Asubuhi Mama Zuhura alifika na nyama yake, akanisalimia kwa jina la mpishi. Nilitaka kunyamaza. Namwambia msomaji ukweli, nilitaka sana. Lakini alianza kufunua kikaango kile kile, mikono yake imetoka kuoshwa kwa ajili ya swala, na maneno yakanitoka yote kwa mkupuo, kopo, bibi, vijiko viwili. Shangazi aligeukia ukutani. Mama Zuhura hakunigusa wala hakunitukana. Aliuliza tu, "Na mimi nilikula?" Nikaitika. Akatoka nje, akarudi na udongo safi kwenye bakuli, akaosha kikaango mara saba, moja kwa udongo ule, kisha mwiko, kisha kisu, midomo yake ikicheza kwa dua ambayo sikuisikia. Nilitaka kumsaidia kumwaga maji, akanizuia kwa kiganja. Kiganja kile kiliniuma kuliko ambavyo fimbo ingeniuma.

Hakukubali jambo lifichwe. Alimweleza kila mteja aliyemkumbuka, na Bwana Hamisi aliporudi kutoka Songea, alimwahi kwenye lori kabla hajashuka. Niliitwa. Nilisimama mbele ya matairi makubwa kuliko mimi nikasema, "Shikamoo babu. Nilikulisha haramu. Sikujua." Alizima injini. Kisha akasema, "Marahaba. Mtoto hakujua, nami sikujua, na Mungu anajua. Hakuna dhambi hapa, mwanangu." Alishuka akanywa chai ya rangi kwenye kikombe chake mwenyewe, akatutakia heri. Hakula. Hakula tena siku yoyote niliyokuwapo, na wenzake nao, mmoja mmoja, walipungia mkono kutoka barabarani na kwenda kusimama mbele zaidi. Nilijifunza mapema kwamba mtu anaweza kukusamehe kwa moyo wote na bado asirudi mezani kwako.

Kabla likizo haijaisha, Mama Zuhura alihamishia jiko lake upande wa stesheni. Waliagana kwa heshima, wakagawana masufuria, wakashikana mikono. Shangazi alijaribu peke yake miezi michache, kisha akarudi Njombe kuuza viazi. Alinitunza, alinisomesha ushonaji, hajawahi kuninyima kitu. Lakini nilipokuwa binti mkubwa alinitamkia mara moja, bila hasira, "Ukweli ulikuwa wako, Upendo. Kibanda kilikuwa changu."

Siku hizi Njombe mjini baga zimejaa. Vijana wanabishana kwenye simu hadi wanatoana kwenye makundi: jibini au yai, mchuzi mtamu au pilipili, na parachichi, ambalo sasa wanalipaka kana kwamba ni siagi. Nami nabishana nao, kwa ukali, na nafurahia. Ni ugomvi usiomvunjia mtu nyumba. Ila naona kwamba katika maneno yale yote hakuna anayeuliza ni nani amesimama jikoni. Mkate unaletwa na pikipiki ndani ya mfuko, mtu anaumega bila kuwaza. Kwenye benchi la Makambako ladha ilibishaniwa kwa kelele, lakini kabla yake palikuwa na imani ya mtu kwa mtu, na hiyo haikuwa na mzaha.

Mwezi uliopita nilisimama Makambako nikamtafuta Mama Zuhura upande wa stesheni. Amezeeka, magoti yanamsumbua, bado anakaanga. Tuliongea habari za Shangazi na za wanangu. Adhana ilipolia aliinuka, akanitazama, akanipa mwiko. "Angalia moto, nakwenda kuswali," akasema, akaondoka bila kugeuka nyuma. Nilisimama pale na miaka yangu yote. Mara kijana mmoja mwenye kofia ya kufumwa akaingia, akaikagua nyama, akanikagua mimi.

"Mama Zuhura yupo?" akauliza.

Nilikuwa nimemwona akiisaga nyama ile kwa macho yangu. Ningeweza kumjibu.

"Anaswali," nikamwambia. "Msubiri, atakwambia mwenyewe."

Akavuta benchi. Nikakiepua kikaango, tukamsubiri pamoja.