Jasho la Mtungi wa Brigita

Kwenye ukuta wa nyumba ya Silvano, Lipangalala, kuna kipande cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: TUNAUNGA VYOMBO VYA UDONGO NA KAURI. CHA MOTONI HAPANA. Sentensi ya pili iliongezwa baadaye, baada ya chungu cha jirani kuachia kiraka katikati ya maharage na kuijaza nyumba harufu ya plastiki iliyoungua. Hilo "tunaunga" ni la heshima tu. Karakana nzima ni Silvano mwenyewe, meza moja, na kiti ambacho mkewe Rosemery hukidai kila wageni wanapokuja.

Alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na katika muda wote huo kuna kitu kimoja hakuwahi kukivumilia: unyevu mahali pasipotakiwa. Akikaribishwa chai, alianza kwa kuchungulia chini ya sinki. Huko kwenye mabomba ndiko alikoijua gundi ya kukanda, ile inayouzwa kama kipande cha mshumaa chenye rangi mbili, moja ndani na nyingine nje. Unakata kipande kwa wembe, unakikanda hadi rangi mbili ziwe moja na vidole vihisi joto, kisha una kama dakika kumi za kukiweka unapotaka. Baada ya hapo kinakuwa jiwe. Rosemery husema hicho ndicho kitu pekee ambacho mumewe amewahi kukanda ndani ya nyumba hii.

Alianza na kifuniko cha birika la mkewe. Zikafuata sahani za ukutani, vikombe vilivyokatika mikono, vyungu vya maua vya masista. Kila kazi ilipitia hatua zilezile. Kingo zilizovunjika zilikwanguliwa kwa msasa, zikafutwa kwa spiriti, zikaungwa, zikafungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli hadi kesho yake, kisha zikalainishwa na kupakwa rangi. Rangi ya udongo aliitengeneza mwenyewe kwa kusaga tofali la kuchoma. Anapomrudishia mtu chombo chake, humwambia atafute mahali palipovunjika. Mtu akitafuta na kukosa, Silvano hushinda siku nzima na furaha.

Bernadeta alifika Jumatatu moja ya Novemba, joto likiwa limeshika bonde lote, akiwa na vipande vitatu vya mtungi ndani ya kanga. Silvano aliutambua kabla kanga haijafunguliwa sawasawa. Ulikuwa mtungi wa maji wa Mzee Kelestini, baba yake Bernadeta, uliofinyangwa na marehemu mkewe, Brigita, kwa udongo wa kando ya mto Lumemo. Mzee hakunywa maji mengine. Ya friji yalimuuma meno, ya ndoo yalimnukia ndoo. Nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja kuhusu mtungi huo: unaposogezwa, unakumbatiwa tumbo, haushikwi shingo. Bernadeta, katika haraka ya kufagia, alikuwa ameushika shingo, na ulikuwa na maji nusu.

Mzee alikuwa Uchindile kwa mwanawe, akitazama shamba la miti, na angerudi kwa treni Ijumaa. Bernadeta alitaka mambo mawili tu: mtungi uwe umerudi kwenye kona yake kabla ya treni, na mzee asijue.

"Baba Hilary, yule mzee hajakaa sawa tangu mama afe," alimwambia Silvano. "Huo mtungi ndio anaouamkia asubuhi kabla ya kuniamkia mimi."

Silvano alimwahidi kwamba hata Brigita mwenyewe asingeuona mwungo.

Hakuwa anajisifu bure. Jumanne jioni vipande vilikuwa vimeungana, na Jumatano asubuhi mstari ulikuwa umelainishwa na kupakwa vumbi la tofali. Rosemery, ambaye si mwepesi wa kusifu, aliuzunguka mtungi mara mbili akitafuta, akakosa, akarudi jikoni. Kilichobaki kilikuwa kuujaribu. Silvano akaujaza maji, akauweka kivulini, akaenda kuoga.

Aliporudi, tumbo lote la mtungi lilikuwa limelowa. Matone madogo yalikuwa yamejitokeza kila upande kama kwenye paji la uso la mwenye homa, na ngata ya majani uliyoikalia ilikuwa imeanza kushika maji. Sehemu pekee iliyokuwa kavu ilikuwa pale alipounga. Kwa Silvano hilo lilikuwa na maana moja: kazi yake ilikuwa nzima, na mtungi ulikuwa umechoka. Udongo umezeeka, alijiambia, unavuja kote. Nyumbani kwake maji yalitoka bombani na kunywewa kutoka kwenye chupa. Hakuwa ameishi na mtungi tangu utotoni, na utotoni hakuna aliyemtuma kuutazama.

Akafanya ambalo fundi bomba yeyote angelifanya. Aliyamwaga maji, akauanika mtungi juani hadi ukakauka, akakanda gundi kipande baada ya kipande, na kwa vidole vilivyolowa akaitandaza juu ya tumbo zima, nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliimaliza akiba yake yote. Alhamisi alipiga msasa na kupaka vumbi la tofali, akaujaza tena. Masaa matatu baadaye alipitisha kiganja kuanzia shingoni hadi kitakoni, kikatoka kikavu kabisa. Akamwita Rosemery aje kushika.

Ijumaa mtungi ulikuwa umerudi kwenye kona yake, lakini treni ilichelewa, kwa hiyo Mzee Kelestini alifika Jumamosi. Silvano alikuwepo. Alijidai amekuja kumpa mzee shikamoo ya safari, lakini ukweli ni kwamba alitaka kuitazama kazi yake ikipita mtihani. Mzee aliitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, akapita moja kwa moja hadi kwenye kona, akachota kwa kata, akanywa.

Aliyashikilia maji mdomoni kwa muda, kisha akayameza kama mtu anayemeza dawa.

"Haya maji yametoka wapi?"

"Mtungini, baba," alisema Bernadeta. "Yamelala humo tangu jana."

Mzee alimwaga yaliyobaki uani. Akaugusa mtungi kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono. Hakuangalia shingo wala hakutafuta mstari wowote. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kuvua viatu vya safari, taratibu, kimoja kisha kingine.

"Mtungi umekufa," alisema. "Nilijua utakufa siku moja. Utoeni uani, kuku wanywee. Kesho nitafutieni ndoo yenye mfuniko, kama watu wengine."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo Silvano alipoona uzito wake. Mtu aliyekasirika hutulizwa. Huyu alikuwa anazika. Bernadeta, aliyesimama karibu, aliukanyaga mguu wa Silvano kwa nguvu, na maana ya kukanyagwa huko ilikuwa wazi: nyamaza. Akinyamaza, siri ingebaki siri, mwungo usioonekana ungekaa uani ukidonolewa na kuku, na mzee angekunywa maji ya ndoo hadi mwisho wake.

"Haujafa, baba," alisema Silvano. "Mimi ndiye niliyeuziba."

Akaeleza yote: vipande vitatu, gundi, matone, ganda la juu. Kitu alichoruka ni nani aliyeushika shingo. Bernadeta alikijaza mwenyewe, akiwa ameinamisha macho.

Mzee alikiweka chini kiatu kilichokuwa mkononi.

"Ulidhani unavuja," alimwambia Silvano.

"Ulikuwa unavuja, baba. Tumbo zima."

"Ukipalilia mpunga saa saba mchana, mgongo wako huwa unavuja?"

Bernadeta ndiye aliyecheka kwanza, akajiziba mdomo kwa kanga. Mzee akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayefundisha. Brigita alichanganya pumba za mpunga kwenye udongo kwa makusudi. Mtungi ulipochomwa, pumba ziliungua humo ndani zikaacha vijinjia visivyoonekana kwa macho. Maji hupita humo kidogo kidogo, hutokea nje, upepo huyachukua, na yaliyobaki ndani hupoa. Mtungi usiotoka jasho ni ndoo nzito.

"Hilo ganda linatoka?"

"Linatoka."

"Basi litoe. Hapahapa, nikiona."

Ilichukua siku tatu. Silvano alikaa barazani kwa Mzee Kelestini na kisu butu na karatasi za msasa, na mzee alikaa mbele yake akiongoza. Hapo bado. Hapo polepole, hapo Brigita alipitisha kidole. Katikati ya maelekezo alisimulia jinsi mkewe alivyokuwa akiwafukuza wanaume karibu na tanuru, kwa sababu walijifanya wanajua moto. Siku ya pili Rosemery alileta chakula, akasimama na beseni kichwani akitazama.

"Nimeolewa miaka yote hii," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza namwona fundi bomba anahangaika ili kitu kivuje."

Kicheko cha mzee kilisikika hadi kwa jirani.

Jumanne alasiri walijaza maji. Unyevu ulianza kitakoni, ukapanda tumboni, rangi ya udongo ikageuka kutoka nyekundu hadi ya kahawa. Ulipanda kila mahali isipokuwa pale ambapo gundi ilikuwa imebaki, ndani ya mwungo wenyewe. Hapo palibaki pakavu na peupe. Mstari ulioshuka kutoka shingoni, ukapinda, ukagawanyika kuelekea kushoto, ungeweza kuusoma ukiwa getini. Mwungo bora kuliko yote aliyowahi kuifanya ungejionyesha kila siku, maadamu mtungi una maji.

Silvano aliomba aurudishe nyumbani, ajaribu rangi nyingine. Mzee alikataa.

Wakati huo aliingia Ndaki, mfugaji anayemletea mzee maziwa kila jioni. Alisalimia, akatua dumu lake, akautazama mtungi.

"Mzee, huo mto unatoka wapi?"

"Unaanzia mkononi mwa Bernadeta," alisema Mzee Kelestini, akiufuata mstari kwa kidole, "unapita kwa fundi bomba, unaishia kwangu."

Kisha akachota, akampa Silvano kwanza. Maji yalikuwa baridi ya kugonga meno. Silvano aliomba kata ya pili, akainywa akiwa amechuchumaa mbele ya kazi yake, macho yakiwa kwenye tone moja lililokuwa likiteremka kuelekea kwenye ngata. Mkono wake ulikuwa umeshatoa kitambaa mfukoni. Aliutazama, akautazama mtungi, akajipangusa uso wake mwenyewe.