Njia ya Mashimoni Niliyokataa Kuuliza

Mimi na ramani ya simu hatupikiki chungu kimoja. Nimeitumikia kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Kawangware kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilianza na mkokoteni, nikapanda baiskeli, nikapewa pikipiki, na mwisho nikaketishwa kwenye kiti cha kuzunguka, niwe msimamizi wa wanaopeleka mizigo. Kila nilipoulizwa njia ya Kibera, sikukosa kutaja kwamba kitovu changu kilizikwa Mashimoni, huko huko Kibera. Wenzangu walikuwa wamechoka kusikia. Mimi sikuwa nimechoka kusema.

Huko nyumba hazina namba. Mpelekaji akifika karibu, humpigia simu mwenye mzigo, naye humvuta kwa maneno: pita kinyozi, shuka hadi kibanda cha maji, ukiona turubai la bluu simama. Mimi niliidharau desturi hiyo. Niliwaambia wapya kwamba anayepiga simu kuuliza njia hajui kazi. Nikiyakumbuka maneno hayo sasa, uso unaniwaka.

Jumamosi moja mwaka jana uliingia mzigo kutoka Kisumu. Ndani mlikuwa na gurbaba, lile vazi la kujifunga la Wanubi, limetariziwa kwa mkono. Nyanya mmoja wa Mashimoni alikuwa akipiga simu ofisini tangu asubuhi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa siku hiyo, na vazi lilitariziwa na dada yake nyanya, mgonjwa asiyeweza tena kusafiri. Bi harusi alitakiwa kulivaa kabla ya kutolewa nyumbani baada ya adhuhuri. Ndivyo dada yule angeshiriki harusi, kwa kazi ya mikono yake.

Mwenzetu mmoja, mwanamke aliyezoea pikipiki na vichochoro vya Kibera, alinyoosha mkono auchukue.

"Mzae, wacha niende," akaniambia. "Huko nyumba zilibomolewa barabara mpya ikipita. Nitampigia tu anielekeze."

"Wewe unifunze Mashimoni?" nikamjibu mbele ya watu wote. "Nilizaliwa huko."

"Sawa mzae, nenda. Lakini ukifika, piga simu."

Nikaizima simu sauti, nikaitumbukiza mfukoni, nikaondoka.

Pikipiki niliiacha Soko la Toi kwa jamaa ninayemwamini, nikaingia kwa miguu, sanduku begani. Mwanzoni nilitembea kwa madaha. Nilijua pa kukata kona: penye kinu cha kusaga unga. Nikafika, kinu hakipo. Palikuwa na lami pana, magari yakipita kasi, na ng'ambo nyumba zilianza upya kwa mpangilio nisioujua. Nikavuka. Nikashika kichochoro, kikaishia ukutani. Nikashika kingine, kikanitapika pale pale barabarani.

Kwenye kibanda cha maji, mama mmoja alinitazama nikipita mara ya pili.

"Buda, unatafuta wapi?"

"Sitafuti. Napita tu."

Mtu anayepita tu, sanduku begani, jasho hadi kwenye soksi! Mama yule aliniangalia, akarudi kujaza mitungi yake. Angenielekeza kwa neno moja. Lakini kuuliza njia Mashimoni, mimi, ilikuwa kama kuuliza chumba changu kiko wapi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami niliuficha wangu hadi adhana ya adhuhuri ikanikuta bado nazunguka. Hapo nikaanza kukimbia, na sikujua ninakokimbilia.

Ngoma na vigelegele ndivyo vilivyonifikisha. Nilipotokeza uani, watu walikuwa wakirudi kutoka kumsindikiza bi harusi. Alikuwa ameshaondoka.

Nyanya alisimama mlangoni, simu mkononi. Nilitoa yangu mfukoni, nikaona alivyonipigia kwa namba aliyopewa ofisini, akapiga, akapiga tena. Nilimpa sanduku kwa mikono miwili. Akalifungua, akapitisha kidole juu ya nyuzi za dada yake, kisha akaanza kulikunja tena vazi, taratibu, kona kwa kona. Sikujua niangalie wapi. Nilitamani anitukane, maana matusi ningejua pa kuyaweka.

"Tumemfunga la jirani," akasema. "Dada yangu atataka picha. Sijui nitamwambia nini."

"Nisamehe, mama," nikasema.

Alinitazama vizuri, viatu vyangu vilivyojaa matope, shati lililoloa. Uso wake ukalainika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Pole, mwanangu. Njia za huku ni ngumu kwa asiyezijua. Wewe ni mgeni?"

Wageni waliokaa karibu waligeuka kunisikiliza. Ningeweza kumwambia ukweli: kwamba nilizaliwa papa hapa, kwamba simu zake zilikuwa zikiita bila sauti kwenye paja langu, na kwamba vazi la dada yake lilichelewa kwa sababu ya kiburi changu. Mdomo ulifunguka.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Mimi ni mgeni."

"Basi mgeni haondoki harusini bila kula."

Akanivutia kiti mwenyewe, akaagiza niletewe sahani. Nikala pilau ile yote nimeinamisha kichwa, nikiomba asipite mtu aliyemjua mama yangu.