Elektrodi ya Makaa ya Vifuu

Mwenzangu aliporudi bara kushika kazi ya mshahara, aliniachia chumba tulichokodi Kombani, pampu mbili na ahadi: siku elektrodi itakaposhika, atarudi tumalize kazi pamoja.

Betri yetu ilikuwa madumu mawili ya maji yenye chuma na tindikali kidogo. Pampu huyazungusha, na umeme huingia na kutoka majini kupitia elektrodi: kipande cha kitambaa cha kaboni nilichokipaka unga wa makaa ya vifuu vya nazi. Elektrodi ikiwa mbovu, una madumu ya maji machafu tu.

Makaa nilinunua kwa mama mmoja pale sokoni. Nilimwamkia, tukavutana bei mpaka majirani zake wakaacha kuuza watusikilize, na mwisho nikadai nyongeza. Akanitilia konzi mbili juu ya gunia. Nilihesabu vipande mara mbili, nikaondoka nikijiona mjanja, nikasaga vyote pamoja.

Haikuchukua siku nyingi kitambaa kikaziba kwa tope la kutu. Nikabadilisha maji, nikafungua pampu, nikalaumu kitambaa. Mimi nimezoea kubishana na mtu. Mle chumbani nilishinda kila hoja, na betri haikuwaka.

Nikarudi kwa yule mama kumuuliza vifuu vyake alivichoma vipi.

"Vifuu vyangu havina neno," akasema. "Ile nyongeza ndiyo ilikuwa mkaa wa mti, wa kuwashia jiko. Kwani wewe hupiki, mwanangu?"

Sikuwa nikipika, ila hilo sikumwambia. Mkaa ule ulikuwa na majivu mengi, na majivu huua tindikali. Tindikali ikifa, chuma hugeuka tope. Safari hii nililipa bei yake, nikakataa nyongeza, naye akaninunia.

Elektrodi mpya ikashika. Wiki nzima betri ilijaa mchana, na jioni taa ikawaka bila kufifia. Nikampigia mwenzangu. Alifurahi kwelikweli, akataka picha. Nikamuuliza atarudi lini.

Akasema ameshahamisha familia, watoto wameanza shule. Nikashuka kama sokoni: basi aje mwezi mmoja. Nikashuka tena: wiki.

"Disemba tukija Diani likizo, nitapita," akasema. "Diani na Kombani si ni pua na mdomo?"

Nikamwambia karibu sana. Kisha nikamwelekeza mlango ulipo, kana kwamba si yeye aliyeupaka rangi.