Siku Nilipopokea Leta kwa Sufuria

Mimi ni mutu wa kujisifu, na kwa umri huu sitaanza kujificha. Wajukuu wangu wote wanasoma. Uwanja wangu unafagiliwa mbele jua halijatoka. Nikipika sombe ya majani ya muhogo, majirani wanakumbuka ghafula kuja kunisalimia. Shule niliiacha mapema, hata herufi zingine tulikuwa hatujafahamiana, lakini wamama wa mutaa wetu hapa Bunia waliponichagua kuwa prezidanti wa kikundi chao, sikuuliza kwa nini. Niliona wamechelewa tu.

Kikundi chetu kilishika nyumba ya kusikiliza. Ni nyumba ndogo ya mabati. Watu ambao vita imechosha kichwa chao wanakuja pale kukaa kwenye benchi, kusema, kulia, ao kunyamaza tu bila mutu kuwauliza. Na wale ambao kaikpo, ile pombe yetu kali ya muhogo, imewashika mpaka wanasahau njia ya kwao, wanakuja kujaribu kuiacha. Kila siku ya tatu munganga mumoja mwanamuke alifika na mufuko wa dawa na uvumilivu mwingi. Alilipwa na wageni wa shirika moja. Halafu wageni wakatuambia muradi umekwisha, wakafunga mizigo, wakatuachia kiti na kalenda.

Mie nililia juu ya ile habari kuliko wote, na ninasema sababu. Binti yangu wa pili alitukimbilia kutoka kwenye vita ya Djugu na watoto wake, bila bwana. Bwana alibaki kule, hatukumuzika. Alipofika kwangu alikuwa halali usiku. Akaanza kunywa kaikpo kusudi alale, nyuma yake kaikpo kusudi aamuke. Mie dawa yangu ilikuwa kumugombeza. Na ninajua kugombeza: nilimugombeza asubui na mangaribi, kwa methali na kwa Biblia, mpaka majirani walisimama kwenye lupango, uzio wetu, kusikiliza kama ni radio. Chupa zikaongezeka. Ni ule munganga alimurudisha, polepole, kama mutu anavuta ndoo mu kisima kirefu. Binti akaanza kulala. Akaosha watoto. Akarudia kuuza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni. Kwa hiyo munganga akienda, mutoto wangu anarudi mu chupa. Hiyo nilijua bila shule.

Ndipo tukasikia kwamba Leta, ndiyo, serikali yenyewe, ile tuliyozoea kuiona wakati wa kodi na kwenye vizuizi vya barabara, imeweka feza kwa vikundi vinavyosaidia watu wa kichwa na watu wa pombe. Lakini kwanza mukubwa wa ofisi ya jimbo atapita aone kwa macho yake. Munganga akatuomba kitu kimoja tu: tusipambe kitu, tumuache aone kazi vile inafanyika.

Nilimuitikia vizuri sana. Halafu nikafanya vile nilitaka. Tangu lini mugeni anakuja na haupambi? Niliwaambia wamama wote wavae vikwembe vya rangi moja. Tulichinja kuku. Wanywaji wetu nikawaamuru waoge, na muzee mumoja, fundi wa baisikeli, akaniuliza kama na ndani ya tumbo aoge. Binti yangu nikamuweka jikoni. Nilisema ni juu ya kuku. Kweli yake, sikutaka Leta ijue kwamba mutoto wa prezidanti anakaa kwenye benchi ya wagonjwa.

Ikabaki makelele. Mugeni mukubwa hapokelewi kimya kama mutu anakuja kuomba chumvi. Ngoma ya kanisa ilikuwa imeenda kwenye ndoa. Nikawaza, nikawaza, halafu akili yangu kubwa ikafunguka: kila mama alete sufuria na kijiko, na gari ikitokea, wapige wote pamoja.

Mutu wa Bunia anayesoma hapa ameshashika kichwa. Wengine niwaelezee. Kwetu, tangu vita, sufuria iko na kazi mbili. Ya kwanza ni kupika. Ya pili ni hii: wezi wenye bunduki ao watu wa panga wakiingia mu avenii, njia ya mutaa, wa kwanza kuwaona anapiga sufuria, nyumba ya pili inaitika, ya tatu inaitika, mpaka muji muzima unalia chuma, na mwenye miguu anaitumia. Hilo nilijua kuliko mutu yeyote. Nilikuwa nimeipiga mie mwenyewe, na nilikuwa nimeikimbia. Lakini siku ile nilikuwa prezidanti, na cheo kiliingia mahali pa akili.

Gari ikatokea kwenye kona. Nikainua mukono. Wamama wakapiga.

Jirani wa kushoto alitoka wa kwanza, na matela ya kulalia kichwani. Wa kuume alitoka na mbuzi. Avenii ikajaa watoto, mabeseni, wamama wenye sabuni bado mukononi. Wapigaji wangu wakaangaliana, wakaona watu wanakimbia, nao wakakimbia, na mubaya zaidi, walikimbia wakipiga. Avenii ya pili ikaitika. Ule muzee wa baisikeli alichukua chungu cha kuku wa mugeni, na alitueleza kiisha kwamba ukimbizi bila mboga ni ujinga.

Na prezidanti je? Kichwa changu kilijua. Kilinieleza wazi kabisa: mama, ni weye umesema wapige. Miguu haikungojea maelezo. Ilinichukua mpaka chini kwenye mutaro, na kiatu kimoja, kikwembe kipya mu matope, na mukononi mutoto mumoja ambaye nilimunyakua kwenye mulango wa watu. Hakuwa wa kwetu. Na kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuwa analia kidogo.

Yaliyobaki kule juu nilielezwa na munganga. Binti yangu alitoka jikoni, akasimama katikati ya barabara mbele ya ile gari ya Leta, mikono juu, akawaambia watu kwa sauti yake ya soko kwamba warudi, ni sufuria za mama yake, anapokea wageni. Alienda nyumba kwa nyumba akisema vile. Wapigaji aliwanyanganya vijiko. Halafu akashuka mpaka kwenye mutaro, akamutoa mutoto wa watu mu mikono yangu, akanishika mashavu kama mie ndiye nilimuita mama.

“Niangalie,” alisema. “Uko Bunia. Ni muchana. Hakuna mutu anakuja.”

“Ninajua. Ni mie nimesema wapige.”

“Sasa uko unakimbia wapi?”

Nilianza kutafuta kiatu changu cha pili. Mpaka leo sijakipata.

Tulipopanda, mukubwa wa Leta alikuwa amesimama kando ya gari. Shofere wake alikuwa anatoka chini ya hiyo gari, anajipangusa, anasema alikuwa anaangalia mafuta. Mukubwa hakuniangalia mie na hotuba yangu ya Kifaransa ya maneno ine. Alimuangalia binti. Akamuuliza kwa nini hakukimbia na wengine.

“Miguu ilianza,” binti alijibu. “Munganga alinifundisha niulize kwanza ni nani anapiga. Nikachungulia, nikaona ni mama na kikwembe chake.”

Na pale pale, kati ya makabeji ya jirani yaliyokanyagwa, akamuelezea yote: Djugu, bwana, usiku wa macho wazi, kaikpo, benchi, dawa. Alisema kwa utulivu, na mutu wa Leta alisikiliza bila kuandika. Na mie nilisikiliza. Mwaka muzima nilikuwa ninamugombeza, kumbe hadisi ya usiku ule wa Djugu sikuwa nimeisikia hata mara moja, maana kila alipofungua kinywa, mie nilikuwa tayari ndani ya methali.

Mwishowe mukubwa akanigeukia. Aliuliza kwa heshima wagonjwa wetu wako wapi, alikuwa ameelezwa atawakuta wamekaa ndani.

“Muheshimiwa,” nilimujibu, “ulishawaona. Walikupita hapa barabarani. Mie nilikuwa wa mbele.”

Alikula wali mutupu, maana kuku alirudi mifupa. Feza za Leta zilikuja, zikiwa zimekonda na zimechelewa sana, na munganga alituvumilia mpaka zikafika. Lakini alibaki. Leo binti yangu ndiye anapokea wageni wapya kwenye mulango, kimya, na kikombe cha chai. Na munganga aliniambia, mbele ya wamama wote, kwamba kila siku ya tatu na mie nikae kwenye benchi pamoja na wengine. Nilimuambia nitakaa, lakini kwa kusimamia kazi. Hakuna aliyebisha. Kwa hiyo ninakaa. Ninalia pia, lakini kidogo, kwa heshima ya cheo.